Kodi ya Ng'ambo ya Daraja

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili nikianza kumsema Dwight msinione mwonevu.

Mimi na Dwight tunachomelea mabehewa ya treni Portland, jimbo la Oregon. Yeye alihamia zamani ng'ambo ya mto, Vancouver, jimbo la Washington, ambako mshahara haukatwi kodi ya jimbo. Kila mapumziko ya mchana wimbo ulikuwa huohuo: "Merle, bwana, vuka mto! Oregon inakunyonya na wewe unachekelea." Mwaka jana nikavuka. Colleen, mke wangu, aliiacha nyumba alimozaliwa, na mawaridi ya mama yake, kwa ahadi yangu moja: kodi tutakayookoa itamtoa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, ambako mashuka yamemmaliza mgongo.

Mshahara ukaendelea kukatwa kodi ya Oregon. Nikamuuliza Dwight.

"Hao wahasibu huchelewa kuamka," akasema. "Mwezi wa nne unajaza ritani, ile fomu ya kodi ya mwaka, unarudishiwa zote."

Basi Colleen akaaga kazini. Wenzake wakamkatia keki.

Jumapili moja ya Aprili alikaa mezani na kompyuta, mimi nimesimama nyuma yake nikichagua rangi ya boti nitakayonunua. Akajaza kwamba tunaishi Washington. Akajaza kwamba kazi naifanyia Oregon. Mashine ikafikiri kidogo, ikajibu: hakuna cha kurudishiwa. Kazi iliyofanyika Oregon hulipiwa kodi Oregon, hata kama mwenye kazi analala mwezini.

Colleen hakupiga kelele. Aliifunga kompyuta taratibu, na hapo ndipo nilipoogopa.

Dwight akaingia kwa mlango wa nyuma, kama kawaida yake, bia mkononi. "Vipi, matajiri?"

"Kaa," nikamwambia. "Wewe Oregon unailipa?"

Akaiangalia bia yake. "Kila mwaka."

"Ulijua!"

"Nilisema Washington haikati. Imekukata?"

"Ulisema nitarudishiwa zote, mwongo we!"

"Ningekwambia kweli ungekuja?" Sauti ikamshuka. "Tangu Wanda aniache, Merle, lile daraja asubuhi... Foleni haisogei, mtu uko na redio tu. Nilitaka mwenzangu garini. Na tumecheka, bwana. Hatujacheka?"

Tulicheka, ndiyo, na hapo ndipo paliponichoma. Asubuhi zote zile, ndani ya gari lake, niliwakejeli wajinga wanaolipa kodi Oregon, naye akicheka mpaka machozi. Nilidhani mimi ni mchekeshaji.

"Nyumba ya mama yake imeshauzwa, Dwight."

"Nyumba ni nyumba, usikuze mambo. Shemeji atarudi kazini kidogo, maisha yaendelee. Sivyo, shemeji?"

Colleen akasimama, akamtoa bia mkononi, akaimwaga yote kwenye sinki.

"Narudi kazini kesho, hukohuko Portland," akasema. "Merle atapanda gari langu. Wewe nakuachia daraja zima, kaongee nalo."