Rangi ya Ukuta wa Mama Afisa

Saturnino alinunua makopo mawili ya rangi, buluu za aina mbili, mjini Arua, akarudi nayo Koboko kuipaka sebule kabla wakwe hawajaja Jumamosi. Alipaka nusu ya ukuta kwa kopo moja, nusu kwa jingine, ili achague. Yeye hakuona tofauti. Mkewe aliiona, na akaisema kutwa nzima.

Kufikia saa tisa nusu zote mbili zilikuwa zimekauka na kuwa buluu ya tatu, nyepesi, ya chokaa iliyotiwa buluu ya kufulia nguo. Saturnino alirudia. Ukuta nao ukarudia.

Basi wakamwita Mama Afisa. Nyumba ile aliijenga yeye na marehemu mumewe, Sajini Sule, na mwaka 1979 vita vilipofika wakaiacha wakakimbilia Sudan. Aliporudi mwaka 1987, bila mume na bila hati, alimkuta Saturnino ndani na watoto watano. Tangu hapo alilala jikoni kwa dada yake, akiidai nyumba kila kikao cha kamati ya mtaa.

"Mama, ukuta yako iko na kichwa ngumu," Saturnino alisema, akimpa kiti. "Kati ya hii mbili, gani iko mzuri?"

"Hakuna. Hii ya tatu iko ya mimi. Sule alikoroga, mimi nilipaka. Ita kamati."

Mama Afisa alifurahi. Siku zote hizo alikosa shahidi. Sasa alikuwa na ukuta mzima.

Kamati ilikuja, watu wanne. Saturnino akapaka tena mbele yao, nao wakanywa chai, maana rangi haiharakishwi. Ilipobadilika, mwenyekiti aliigusa kwa kidole, akamwambia karani aandike kwamba ukuta umemtambua Mama Afisa, mwenye nyumba. Hakuna aliyebisha, hata Saturnino.

"Sasa iko wazi," mwenyekiti alisema. "Wageni nakuja Jumamosi. Kama ukuta nasikia mama peke yake, mama atapaka."

Mama Afisa alingoja aendelee. Mwenyekiti alikuwa ameshavaa kofia.

Mama alipaka Ijumaa, kwa kuwa hakutaka mkono mwingine uuguse ukuta wake. Rangi ya kopo ilishika mara moja. Mke wa Saturnino alisema hiyo ndiyo aliyokuwa akiitaka. Saturnino mwenyewe alimsindikiza mama mpaka mlangoni kwa heshima zote, akamwambia, "Karibu tena."

Akajibu asante, kwa mazoea. Hasira ilimjia alipofika barabarani.