Siku Khairiya Aliponyamaza

Mmanga alikuja kwangu asubuhi na mapema, nami nikajua tangu pale mlangoni kuwa kaja na balaa, kwa sababu alinisalimu mara mbili. Mtu yule, tangu awe sheha, mkubwa wa mji wetu wa Kilimandege, akikusalimu mara moja umshukuru Mungu.

"Shikamoo, Bi Mwatum. Umeamkaje, Bi Mwatum?"

"Marahaba. Nimeamka. Sema."

Akakaa barazani, akatoa karatasi mfukoni. Mudiri, mkubwa wa serikali wa wilaya yetu, kamwandikia. Jumamosi wanapanda kilimani kwetu wageni wawili, Mzungu na mkewe, wanataka kutembea na kutazama. Akanisomea watakavyoonyeshwa, kimoja kimoja, kama mwalimu wa chuoni. Kwanza kileleni, pale unaposimama ukaiona bahari ya macheo na bahari ya machweo bila kuhamisha mguu, kisha makaburi ya kale na soko letu dogo. Kisha chemchemi. Alasiri, mchezo wa ng'ombe.

"Na ng'ombe ni Nipishe wako," akasema.

Sikuona ubaya. Karafuu zilikuwa zimekwisha kuchumwa, mvua bado, ndio wakati wenyewe wa mchezo. Na Nipishe, nkwambieni, hapakuwa na ng'ombe kama yeye kutoka Konde hadi Wete. Marehemu mume wangu Ngwali alimlea tangu ndama, na kabla ya kufa akanikabidhi kamba mbele ya watu akasema, "Mwatum, huyu wako." Sina mtoto mie. Nilikuwa na huyo.

Lakini Mmanga alikuwa hajaondoka. Alikuwa akiikunja karatasi na kuikunjua.

"Sasa yule bwana ana bunduki," akasema. "Ng'ombe akishapandwa na hasira, anataka ampige pale pale uwanjani. Kuna nchi huko kwao wanacheza hivyo, mwisho ng'ombe anakufa. Mkewe atampiga picha. Na pembe atakwenda nazo."

"Pembe anataka?" nikamwambia. "Aote zake!"

"Bi Mwatum, hii amri."

"Amri ya nani? Wewe umezaliwa hapa, Mmanga. Lini ulimwona ng'ombe wa mchezo akiuawa?"

Akainamia karatasi yake, maana anajua. Ng'ombe wa mchezo kwetu hauawi. Hufungwa kamba ndefu, zumari likalia, wanawake wakamwimbia, wakamsifu na kumtukana mpaka damu ikamchemka, na wanaume wakamchezea kwa kitambaa. Anayezidiwa hupanda mti. Jioni ng'ombe hurudi kwake, akakogeshwa, akala. Ndivyo ilivyo tangu enzi za babu zetu. Mmanga mwenyewe kachanwa kanzu na babake Nipishe, akaning'inia kwenye mwembe mpaka magharibi, na mji mzima ukacheka.

"Nimekwisha waahidi," akasema hatimaye. Alasiri ile ile akaleta wanaume wawili, wakamchukua Nipishe wangu, wakamfunga uani kwake asije akafichwa. Nililia, sisemi uongo. Nililia kwa hasira mpaka kichwa kikauma.

Nilipokwisha kulia nikafikiri. Ng'ombe hakasiriki na zumari peke yake. Zumari humwamsha tu. Kinachomtia wazimu ni nyimbo za wanawake, na wanawake wa Kilimandege hawafungui mdomo mpaka Khairiya afungue wake. Ng'ombe asiyeimbiwa husimama tu akala majani. Na yule bwana alitaka picha ya ng'ombe mkali, si ya ng'ombe anayecheua.

Kwa hiyo ilikuwa lazima nikamwombe Khairiya anyamaze. Astaghafirullah! Ningeombwa nikamwambie jogoo asiwike ingekuwa kheri. Khairiya alikuwa mke mwenzangu. Miaka kumi na minne tulichangia mume mmoja na hatukuchangia hata kijiti cha moto. Ngwali aliponipa mie ng'ombe, yeye akapewa mikarafuu sita, na mpaka leo anaapa kuwa mitatu kati yake ilikuwa imekauka. Tangu matanga yalipokwisha tulikuwa hatujasemezana.

Nikajifunga kanga, nikaenda. Nikamkuta anapepeta mpunga. Hakuniambia karibu. Nikajikaribisha mwenyewe, nikamweleza yote.

"Leo umenijua," akasema, macho kwenye ungo. "Basi mie nishone mdomo kwa ajili ya ng'ombe wako?"

"Alikuwa wa Ngwali."

"Alikuwa wa Ngwali, ukapewa wewe. Akiuawa utakuwa kama mie. Utakuwa huna kitu."

"Khairiya, nakuomba."

Maneno hayo mawili sikupata kumwambia maisha yangu. Yeye akapepeta, akapepeta. "Mie mwimbaji," akasema. "Watu wakikusanyika, naimba. Nenda zako."

Nikatoka pale nimejitia aibu bure. Usiku sikulala.

Jumamosi wakaja. Motokaa iliwaacha chini, wakapanda kwa miguu, bwana mrefu mwekundu na bibi mwembamba amebeba sanduku la picha. Mmanga mbele, kanzu mpya. Walipofika kileleni wakatazama bahari zote mbili, bwana akatazama saa yake. Makaburini bibi akapiga picha moja. Mji mzima ulikuwa nyuma yao, nami nimo.

Kisha chemchemi. Mahali pale hata mtoto hupaogopa kuchafua, maana ndiyo maji yetu ya kunywa, hakuna mengine mpaka ushuke bondeni. Ukifika unavua viatu mbali, unachota kwa kata. Bwana alikuwa ametokwa na jasho. Hakuuliza mtu. Akaingia na mabuti yake mpaka magotini, akasimama, akacheka, akajimwagia maji shingoni. Tope likapanda lote. Tukamtazama Mmanga. Na Mmanga, Mungu amsamehe, akacheka naye.

Khairiya alikuwa na mtungi kichwani. Akautua chini mtupu.

Alasiri uwanja ukajaa. Nipishe akaletwa, akafungwa kamba ndefu. Aliponiona alilia, na mie moyo ukanipasuka. Bwana akasimama kando na bunduki, mkewe karibu yake na sanduku lake. Wanawake upande wao, kama arubaini, Khairiya katikati. Mie nikajitenga, sikutaka kumtazama mtu.

Mzee Jaribu akapuliza zumari. Nipishe akainua kichwa, masikio yakasimama. Ngoma zikaingia. Akachimba ardhi mara moja kwa kwato. Bwana akainua bunduki kidogo. Sasa ndipo pa Khairiya. Kila mtu akamgeukia, na yeye akavuta pumzi, akajitanda kanga sawasawa.

Akakaa chini.

Akakaa chini kitako, akakunja miguu, akaanza kujichokoa meno. Mwanamke aliyekuwa kulia kwake akamtazama, naye akakaa. Wa kushoto akakaa. Wakakaa wote mpaka wa mwisho, kimya, hata mwenye kikohozi akakimeza. Jaribu akapuliza, akapuliza, mashavu yakamvimba. Nipishe akangoja. Akageuza shingo kuwatafuta waimbaji wake, akawaona wamekaa. Basi akainama akala majani.

"Imbeni!" Mmanga akapiga kelele. "Khairiya! Imba, kuna wageni!"

"Sauti yangu ilikwenda kunywa chemchemini," Khairiya akajibu. "Imekuta tope, imerudi na kiu."

Hakucheka mtu. Mmanga akawatisha, akataja faini, akataja Mudiri. Bwana akauliza kitu kwa ukali, na Mmanga, jasho linamtiririka, akamwambia nini sijui, ila nilimwona akimwonyesha Nipishe kwa mkono, kama kusema, basi mpige hivyo hivyo alivyo.

Bunduki ikapanda begani. Hapo miguu yangu ilikwenda yenyewe. Nikaingia uwanjani, nikasimama mbele ya Nipishe, nikamshika sikio. Yeye anatafuna tu. Nikamwambia Mmanga, "Mwambie bwana'ko aanze na mie. Nina pembe pia, hazijaota tu!"

Nikasikia kishindo cha miguu nyuma. Nilidhani wamekuja kunikamata. Kumbe Khairiya. Akasimama upande wa pili wa ng'ombe, mkono kiunoni, wala hakunitazama. Nyuma yake wakaja wengine, tukamzunguka Nipishe mpaka akawa haonekani isipokuwa mgongo.

Yule bibi mwenye sanduku akaanza kucheka. Alimcheka mumewe, si sisi. Mtu mzima kashika bunduki, kasafiri bahari, mbele yake wanawake wenye kanga na ng'ombe anayecheua! Bwana akazidi kuwa mwekundu. Akashusha bunduki, akasema maneno kwa Mmanga.

"Anasema," Mmanga akatutafsiria, "atawaambia wenziwe Kilimandege hakuna cha kuona."

"Mwambie aandike," Khairiya akasema. "Na asiyejua kusoma amsomee!"

Wakashuka. Mmanga akawafuata mbio, kanzu kaikusanya mkononi, akiomba radhi njia nzima. Mie niliitwa kwa Mudiri baadaye, nikakalishwa juani siku mbili, nikaambiwa nimewavunjia heshima wageni. Nikasema ndiyo, nimewavunjia. Wakachoka nami, wakaniachia.

Lakini siku ile hayo bado. Siku ile tulisimama pale tukisikiliza mpaka mngurumo wa motokaa ukapotea. Nikamgeukia Khairiya.

"Khairiya, Mungu akulipe."

"Usinishukuru," akasema. "Ng'ombe wako simpendi. Jaribu! Umelala? Puliza!"

Jaribu akapuliza, wanaume wakarukia vitambaa vyao, na Khairiya akafungua mdomo. Lo! Wimbo ule alikuwa ameutunga zamani, akiungoja wakati wake. Haukumhusu ng'ombe, ulinihusu mie. Mwatum mchoyo, Mwatum mwenye kamba shingoni mwa mali ya watu, Mwatum aliyezikiwa mume akabaki kukumbatia fahali. Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Nipishe akafura, akachimba, akawapandisha wanaume miembeni. Nami nikaenda upande wa wanawake, nikasimama bega kwa bega na Khairiya, nikauitikia wimbo wangu wa matusi kwa sauti kubwa kuliko wote.