Bi Kulsum Hamsimamii Mtoto

Mama yake Jaji Jaffar alikuwa amekataa katakata kukanyaga mahakama ya mwanawe.

"Ukiingia, wote husimama?" Bi Kulsum aliuliza, mikono imo kwenye unga wa chapati, jikoni mwa fleti yake ya Tottenham.

"Wote, Mama. Ni heshima ya korti, si yangu."

"Na mimi?"

"Na wewe."

"Nimsimamie mtoto niliyemfulia nepi? Thubutu!"

Jaffar alicheka, lakini moyo ulinywea. Kesho yake ndiyo angekalia kiti kwa mara ya kwanza. Walitoka Mombasa mwaka wa sitini na nane, wamevaa makoti mepesi yasiyozuia hata umande. Mama akashona mashati kiwandani, Jaffar akasoma sheria, akawa wakili, akazunguka korti za Uingereza mpaka mvi zikamwingia, ndipo akaitwa jaji. Kiti hicho mama asipokiona, kingekuwa na utamu gani?

Na ukaidi ule aliujua. Katika nyumba yao, mkubwa akiingia, mdogo huinuka. Hata baridi ile ya mwaka wa kwanza, watoto wamejibana mbele ya hita ya mafuta ya taa, mama akisukuma mlango tu, wote wima. Rufaa haikuwapo.

Asubuhi, Tom, karani wa korti, alinguruma, watu wakasimama. Jaffar akaingia na wigi linamwasha, akakaa. Akatupa jicho kwenye viti vya wageni. Vitupu. Wakili akaanza habari ndefu ya mazulia yaliyoibwa, jaji akawa anaandika huku roho imesinyaa.

Mara mlango wa nyuma ukalia. Akaingia Dinah, nesi jirani wa mama, kamshika mkono Bi Kulsum katika shali yake ya Idi.

Jaffar akainuka. Hakufikiri hata kidogo. Magoti yenyewe yaliikumbuka ile hita.

Sasa, katika korti za huko, jaji akisimama hakuna anayebaki kitini. "Wote simameni!" Tom akaropoka. Mawakili wima. Raia wa jopo la kuamua kesi wima. Mshtakiwa naye wima, uso umemng'aa, akidhani kaachiwa.

"Mheshimiwa, tumeahirisha?" wakili akauliza.

Bi Kulsum aliwatazama wote, akaridhika, akawapungia mkono. "Kaeni, wanangu, kaeni. Msijisumbue."

Kiswahili hawakukijua, ila mkono ule waliuelewa. Wakakaa. Jaffar akangoja mpaka mama alipotulia, ndipo naye akaketi, masikio yakimwaka moto.

"Ni mama yangu," akasema. "Endelea, wakili."

Korti nzima ikaangua kicheko, mshtakiwa akiwa wa kwanza.

Ilipofika saa ya chakula, jaji akafunga faili lake. Tom hajafungua hata kinywa, Bi Kulsum alikuwa keshasimama, anaiweka shali sawa, macho kwenye dari. Jaffar akatoka akiwa ameuma mdomo asicheke.

Jioni, juu ya chapati, mama akamwonya. "Usidhani nilikusimamia. Miguu ilikuwa imekufa ganzi."

"Najua, Mama."

"Na mbona husemi," Dinah akachomekea, "kwamba tulijibanza nje makusudi mpaka Jaffar akae?"

"Wewe Dinah, kula!" Bi Kulsum akamsogezea mwanawe chapati ya juu kabisa, ile ya moto. "Jaffar, kesho wale watoto wanaanza saa ngapi? Nitakuja tena kuwaangalia. Wana adabu."