Kifuko cha Upawa wa Chuma

Siku ya pili tangu filamu ianze kuonyeshwa, Lai Yuk-ngo alitia kwenye mkoba machungwa madogo manne, sweta mbili na chupa ya chai, kwa kuwa nje kulikuwa na joto la Agosti na ndani ya sinema za Kowloon viyoyozi huwagandisha watu kama samaki wa dukani. Mumewe, Tse Hon-kuen, alikuwa amekwisha kuvaa viatu tangu saa tano. Onyesho lilikuwa la saa nane u nusu.

"We mzee, hata harusi yetu hukuiwahi hivi," Yuk-ngo alisema.

"Harusini nilijua nani ananingoja."

Filamu ilitokana na *Daraja la Korongo Wanane*, riwaya ya mapanga na mashujaa iliyotoka kila siku gazetini enzi za ujana wao, kipande kwa kipande, na ambayo madereva, wauguzi na majaji wa mji ule waliijua kama wanavyojua njia ya kwenda nyumbani. Mwandishi wake alikuwa Mzee Szeto. Alikuwa amekufa miaka sita sasa, na Hon-kuen alikuwa akimwonea wivu tangu mwaka 1969. Kifo hakikupunguza chochote. Kumwonea wivu maiti ni kazi ngumu, maana maiti hakosei tena, hazeeki, wala hachekeshi watu kwa kusahau miwani kichwani.

Chanzo chake kilikuwa hiki. Mwaka ule Mzee Szeto alisafiri Ulaya siku arobaini, na gazeti haliwezi kutoka bila hadithi, kwa hiyo alimwita Hon-kuen, kijana aliyeandika matangazo ya dawa za kikohozi, ashike zamu. Ndivyo walivyofanya waandishi wote wa magazeti ya mji huo, na hakuna aliyeona kuwa ni jambo la ajabu. Masharti yalikuwa mawili: usimwue mtu, usimwoze mtu. La tatu, la kufunga mdomo, halikuhitaji kutajwa.

Hon-kuen hakumwua mtu. Lakini siku ya kumi na mbili, bila ruhusa, aliingiza mwanamke muuza maziwa ya soya kwenye njia ya mlimani, mwenye kovu la moto kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto, aliyepigana kwa upawa wake wa kuchotea na kuitwa Upawa wa Chuma. Wasomaji walimpenda mpaka wakaandika barua. Shingoni mwanamke huyo alivaa kifuko cha kitambaa kilichoshonwa pande zote, na Hon-kuen alipanga kukifungua katika kipande cha arobaini, cha mwisho. Mzee Szeto akarudi siku moja kabla. Kipande cha arobaini alikiandika mwenyewe, akamvusha Upawa wa Chuma upande wa pili wa mlima na kifuko chake shingoni, basi.

Kwa miaka hamsini na mitano watu walibishana ndani ya kifuko kuna nini. Mzee Szeto alipoulizwa alitabasamu, akasema siri hiyo atazikwa nayo. Na kweli, alizikwa bila kuijua.

Sinema ilijaa. Upawa wa Chuma alitokea saa nzima baada ya filamu kuanza, katika mvua, akawakabili majambazi kumi na mmoja. Watu walipiga makofi. Msichana aliyekaa mbele yao alilia hadharani, akamwambia mwenzake, "Yaani Mzee Szeto alikuwa mtu wa ajabu! Angalia mwanamke huyu alivyo hai!"

Hon-kuen alimenya chungwa lake la pili, akajikaza kisabuni.

Kwenye pigo la saba Upawa wa Chuma alisimama, akawatazama watazamaji, akashuka kutoka kwenye skrini. Alishuka taratibu, kwa kuwa ngazi ilikuwa na giza. Majambazi wanne waliobaki walianguka wenyewe na filamu ikaendelea na farasi. Mhudumu alileta dekio, maana maji ya mvua yalikuwa yakichuruzika kwenye zulia. Mwanamke alipita kwenye mstari wao akiomba radhi kwa kila goti, akaketi kiti kilichokuwa wazi kando ya Yuk-ngo. Yuk-ngo alimpa sweta ya pili.

"Asante, mama. Namtafuta aliyeniandika."

Chungwa lilimtoka Hon-kuen mkononi. Alikuwa na miaka themanini na miwili, na hili ndilo jambo pekee alilowahi kulitaka ambalo hakulikosa kwa uzembe. Alifungua mdomo. Mdomo uliokaa umefungwa muda mrefu namna ile haufunguki mara moja.

"Picha yake iko nje, dada," alisema mhudumu. "Pale karibu na bisi."

Walitoka naye. Picha ya Mzee Szeto ilikuwa na urefu wa mtu na nusu, kalamu mkononi. Upawa wa Chuma alipiga magoti mbele yake, akainamisha kichwa mpaka sakafuni mara tatu. "Baba," alisema. Watu walitoa simu zao. Yule msichana wa machozi alimgusa Yuk-ngo begani.

"Bibi, samahani, sogea kidogo. Unaingia kwenye picha."

Yuk-ngo alisogea.

Meneja wa sinema alikuja, akasema hana kipingamizi, ila mwanamke awe amerudi kabla ya onyesho la saa kumi na mbili, na kila siku awahi maonyesho yote. Hakukuwa na chumba cha kumlaza. Yuk-ngo alisema wao wanacho kitanda cha kukunja. Hon-kuen alibeba picha ndogo ya Mzee Szeto ambayo meneja alimzawadia mgeni, kwa kuwa mikono ya mgeni ilikuwa na upawa.

Picha ilitundikwa sebuleni, juu ya televisheni. Hon-kuen ndiye aliyeshika kigoda. Kila asubuhi Upawa wa Chuma alichoma vijiti vitatu vya udi mbele yake, kisha akaenda jikoni kusaga soya na Yuk-ngo. Mikono yao miwili ya kushoto ilikwenda sambamba juu ya sufuria.

"Mama, kumbe na wewe?" Upawa wa Chuma aliuliza siku ya kwanza, akiangalia kovu.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sufuria ya dukani ilipinduka."

"Basi Baba alipita dukani kwenu siku moja, akakuona. Hakuna kilichompita yule."

Hon-kuen aliweka gazeti mezani. "Hakupita dukani kwao. Alikuwa Ulaya. Aliyekuandika ni mimi."

Mwanamke alimtazama kwa heshima kamili, kama mtu anavyomtazama mzee aliyepotea njia ya chooni.

"Mjomba," alisema, "pale sinema wameshaniambia hivyo wazee watatu. Mmoja alikuwa kinyozi."

Neno hilo, mjomba, lilimchoma Hon-kuen kuliko yote. Pale ukutani mtu aliyemwandika mwanamke huyu siku moja tu anaitwa Baba, na yeye ni mjomba.

"Mjomba ana ushahidi," alisema, na sauti yake haikuwa nzuri. "Najua kilichomo kwenye kifuko chako. Hata huyo wako hajui. Ni punje saba za soya. Mama yako alikupa siku uliyoondoka kijijini, uzipande mahali utakapochoka kutembea."

Upawa wa Chuma alifikiri. Kisha alivua kifuko, akachukua kisu cha matunda, akakata uzi.

Ndani hamkuwa na kitu. Alikigeuza ndani nje, akakipiga kwenye kiganja. Halikutoka hata vumbi. Kilichopangwa kwa ajili ya kipande cha arobaini hakikuandikwa, na kisichoandikwa hakikuwemo.

"Usijali, mjomba," alisema kwa upole. "Umri huo mtu huchanganya mambo." Aliweka kifuko juu ya meza, akachukua upawa, akaenda kuwahi onyesho la mchana.

 Hon-kuen aliutamani udi, akatamani kuinamiwa kule mara tatu, akamwonea wivu hata kinyozi. Mwishowe aliinuka, akachukua kopo la soya jikoni, akahesabu saba. Alichagua zilizo nzima. Alizitia kifukoni, akatafuta sindano, lakini macho hayakuliona tundu na uzi haukuingia.

"Lete," Yuk-ngo alisema.

Alishona karibu na dirisha, kwa mishono midogo.

"Punje saba," alisema bila kuinua macho. "Nilikusimulia siku ile kwenye feri, tulipokuwa wachumba. Za mama yangu. Nilizila njaa iliponizidi, mwaka ule niliovuka kuja huku."

 Hon-kuen alikuwa amemwambia mkewe habari ya zamu ile mwaka aliokufa Mzee Szeto tu, na Yuk-ngo alikuwa amesema "Ahaa" na kuendelea kupepeta.

"Gazeti lile lilikuwa likija dukani kila asubuhi," Yuk-ngo aliendelea. "Siku moja nikausoma mkono wangu humo. Kovu, upawa, kila kitu. Nikasema leo akirudi ataniambia."

"Kisha?"

"Kisha wateja wakaja." Alikata uzi kwa meno.

Hon-kuen alitaka kusema neno. Alilitafuta, na huyu alikuwa mtu aliyekula kwa maneno maisha yake yote, lakini mlango ulifunguliwa kabla hajalipata.

Upawa wa Chuma alikuwa amelowa mvua ya filamu, kama kawaida. Alikiona kifuko mezani, kimeshonwa tena. Alikipima kwa vidole, akasimama. Alikata uzi pembeni, akamimina punje kiganjani, akazihesabu kwa sauti mpaka saba. Machozi yakamtoka.

Alipita kati ya wazee wawili, akapiga magoti chini ya televisheni.

"Asante, Baba," alimwambia Mzee Szeto. "Nilijua hungenisahau."

Alipapasa kando yake kutafuta kiberiti, asikipate. Kilikuwa karibu na Hon-kuen.

"Mpe basi, mzee," alisema Yuk-ngo, akirudisha sindano kwenye kopo lake. Hon-kuen akampa.