Injini ya Pontiac ya Lowell

Lowell Kubiak alikuwa na siku nne tu za kuliondoa gari lake karakanani. Nyumba ilikwishauzwa. Mkewe, Jeanette, hakuweza tena kupanda ngazi, na walikuwa wanahamia kwa binti yao kule Grand Rapids, kwenye fleti ambayo hata baiskeli haina pa kukaa. Hayo yote Lowell aliyakubali bila kinyongo. Kitu kimoja tu kilimkosesha raha: hakutaka Pontiac yake ya mwaka 1968 iende kusagwa. Alitaka impate mtu atakayeifufua.

Gari lenyewe, tuseme ukweli, lilikuwa gofu. Kutu ilikula sakafu hadi ukiketi unaona sementi chini ya miguu, viti vilikuwa makazi ya panya, na chini ya boneti palikuwa patupu. Miaka thelathini Lowell aliwaambia watu kwamba atalitengeneza mwakani. Mwaka huo haukufika.

Jumatatu akaja Renata Fuentes, fundi kutoka Indiana, na trela lake. Akalala chali, akagonga huku, akakwangua kule, akatoka kajaa vumbi na anatabasamu.

"Mzee, hii bodi naiweza. Nimeshafufua mabaya kuliko hili. Ila nakwambia mapema, bila injini iliyozaliwa nalo, silichukui. Mteja wangu anataka namba ya injini ilingane na ya kwenye kadi ya gari. Kwenye simu si ulisema ipo?"

"Ipo," Lowell alisema. "Iko karibu."

Ilikuwa karibu kweli: nyumba ya tatu, mtaa ule ule, ndani ya Pontiac nyekundu ya rafiki yake Orrin. Majira ya baridi ya mwaka 1994 injini ya Orrin ilipasuka, Lowell akamwambia achukue yake, atairudisha akipata nyingine. Waliishusha wao wawili, vidole vimekufa ganzi. Baadaye Orrin akaanza kuwasimulia watu kwenye mikusanyiko ya Jumapili ya wapenda magari ya kale kwamba aliinunua kwa mjane mmoja wa mji wa Toledo. Mwanzoni ulikuwa mzaha tu. Lowell alisimama pale pale na kikombe chake cha kahawa, akacheka na wenzake. Angemuumbuaje rafiki mbele za watu kwa ajili ya hadithi? Na kila mwaka mjane akaongezewa kitu: mara theluji, mara machozi, mara mbwa mkali.

Lowell akampigia Orrin simu, akamwambia aje na gari. Aliona haya kusema zaidi. Haukupita muda mngurumo ukasikika mtaani, na Orrin akaingia uani, shingo nje ya dirisha.

"Umepata mjinga wa kununua hilo banda la kuku?" akapaza sauti. "Aa, samahani dada, sikukuona."

Renata akacheka, akaomba afunguliwe boneti. Akaikodolea macho ile injini kwa uchu.

"Hii ni ya sitini na nane. Umeitoa wapi?"

"Toledo! Kwa mama mmoja mjane. Mbwa wake alinirarua suruali, nikarudi nyumbani na mguu mmoja nje."

Lowell akamgeukia. "Orrin," alisema, "unakumbuka mwaka tisini na nne? Ile injini tuliyoishusha hapa, mimi na wewe?"

Orrin akakunja uso, akafikiri kwa dhati. "Si ile yako? Naikumbuka bwana, mgongo uliniuma wiki nzima. Ulimpa nani vile? We naye, Lowell, hujui kusema hapana. Watu wamekumaliza."

Hakuwa anadanganya. Lowell alimjua kwa miaka hamsini. Akidanganya lazima asugue sikio, na mikono yake ilikuwa imetulia juu ya gari. Hadithi ilikwishamwingia hadi kwenye mifupa.

Namba ilikuwa pale pale, mbele ya injini, chini ya grisi. Kitambaa kilikuwa mfukoni mwa Lowell. Angefuta mara mbili tu, na Renata angesoma tarakimu zile zile zilizo kwenye kadi ya gari. Na Orrin angeonekana mwizi mbele ya mgeni, uani kwa rafiki yake, wala asijue kakosa nini. Lowell alikishika kile kitambaa, lakini mkono ukagoma kutoka.

"Mzee?" Renata aliuliza. "Hiyo injini iko wapi?"

"Nilimpa mtu," Lowell alisema. "Simkumbuki."

Renata alisikitika waziwazi. Akampa mkono, akaondoka na trela tupu.

Ijumaa likaja lori la vyuma chakavu. Dereva alisema mashine yake ya kuvuta magari imeharibika, kwa hiyo wenyewe walifikishe gari barabarani. Lowell alitamani aseme lisubiri, lakini lisubiri nini?

"Hilo tu?" alisema Orrin, aliyekuwa amekuja na Pontiac yake, na tayari alikuwa anafunga kamba kati ya magari mawili.

Lowell akaketi kwenye kiti kilicholiwa na panya, akashika usukani. Pontiac nyekundu ikanguruma, kamba ikakaza, na gofu likatoka karakanani mara ya kwanza tangu mwaka 1994, likivutwa na injini yake lenyewe. Lowell alilia kimya kimya. Hakuwa na la kufanya ila kunyoosha usukani.

Orrin akatoa kichwa dirishani. "Unaisikia hiyo mashine, Lowell?"

"Naisikia," Lowell alisema.