Masharubu Yaliyowekewa Dau

Wendell Hruska ameshanunua upuuzi mwingi minadani, kwa hiyo aliponyanyua kadi yake kugombea sanduku la bawaba za mageti, sikushtuka. Wendell ni mume wa dada yangu Darla, na hajawahi kuona kitu chenye kutu akakiacha kipumzike. Tulikuwa kwenye ranchi ya marehemu Pruitt, upepo wa Wyoming unatujaza mchanga machoni, kina mama wanauza pai nyuma ya gari, dalali anabwabwaja kama kawaida yake. Hakuna aliyeshindana naye. Nani anataka bawaba?

Tulipofika kwake akalimwaga sanduku juu ya meza ya karakana. Chini kabisa, katikati ya misumari na mavi ya panya, kulikuwa na bonge la kutu lenye umbo la bastola.

"Boyd," akaniita kwa sauti ndogo. "Shemeji, njoo uone."

Nikaenda nikaona. Ilikuwa bastola ya kizamani kabisa, ile ya silinda, ambayo kila ukitaka kupiga risasi lazima kwanza uvute nyundo kwa kidole gumba. Sisi wa klabu ya walenga shabaha hapa mjini, tunaovaa kama babu zetu na kujipa majina ya kijambazi, sote tunazo za sura hiyo kiunoni, ila zetu ni nakala mpya kutoka Italia. Hii ilikuwa mama yao. Tatizo ni kwamba vibao vya mpini vilikuwa vimegugunwa na panya, silinda haizunguki, nyundo haitingishiki, na ndani ya mtutu kulikuwa na tope lililokauka likawa jiwe.

"Itundike ukutani," nikamshauri.

"Ukutani? Hii nitashindana nayo Septemba."

"Wendell, hiyo haitatoa hata chafya."

"Weka dau basi, kama wewe mwanamume."

Kwenye klabu yetu unaweza kuja bila kofia ukasamehewa. Masharubu ni jambo jingine. Ya Wendell yalikuwa manene, yamepakwa nta, ncha zimepinda juu kama usukani wa baiskeli. Yangu yalishuka mpaka kidevuni, meupe, laini, na niliyachana kila asubuhi kabla hata sijanywa kahawa. Mimi sina mke na sina mbwa. Nilikuwa na masharubu. Tukakubaliana hivi: siku ya mashindano, bastola ile ikilipuka risasi zote tano, mimi nanyolewa mbele ya watu. Ikigoma hata moja, ananyolewa yeye. Tano, kwa sababu tundu la sita chini ya nyundo huachwa tupu, ndivyo walivyofanya wazee na ndivyo tunavyofanya sisi. Tukashikana mikono.

Darla alikuwa amesimama mlangoni anafuta vyombo. "Mnajua," akasema, "mimi sijawahi kuuona mdomo wa juu wa mume wangu. Nilimkuta nayo hayo manyoya, nikaolewa nayo, nimezaa nayo."

"Labda hana mdomo," nikamjibu.

"Nimeshawahi kuliwaza hilo," akasema Darla, wala hakucheka.

Kazi ikaanza, na nitasema ukweli kwa kuwa mimi si mtu wa kijicho: Wendell aliifanya vizuri. Aliilaza ile bastola kwenye mafuta, ndani ya trei ambayo Darla huokea bata mzinga. Kila skrubu aliitengenezea bisibisi yake mwenyewe, akainoa mpaka ikae sawasawa, maana skrubu iliyochubuliwa kichwa ni aibu ya kudumu. Vyuma vilipokubali kuachana, akavichemsha kwa maji safi mpaka kutu nyekundu ikageuka nyeusi, kisha akavisugua kwa nyuzi laini za chuma, akavichemsha tena, akavisugua tena. Kuchemsha huko kulifanyika kwenye sufuria la Darla la kupikia nyama na maharage ya pilipili. Darla aliliona sufuria lake, akauma meno, akanunua jingine.

Mwingine angeipaka rangi mpya ing'ae kama toi. Wendell aliiachia weusi wake wa uzeeni. Springi iliyovunjika akaichonga upya, vibao vya mpini akavitoa kwenye ubao wa kitanda cha zamani. Kitu kimoja tu kilimshinda: pini, kile chuma kirefu kinachopita katikati ya silinda, nayo silinda ikazunguka juu yake. Ya asili ilikuwa imelika ikamvunjikia mkononi. Akachukua ya akiba ya bastola yake ya Kiitaliano, akaipiga tupa kidogo, ikaingia. Jioni hiyo akanipigia simu. Sikusikia salamu, nikasikia tik, tik, tik, tik. Bastola ya aina ile ikiwa na afya hulia mara nne unapovuta nyundo.

"Umesikia, shemeji?"

Nikakata simu.

Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, nikiwa uani kwangu, nilisikia milio kutoka nyuma ya kilima cha Wendell. Ile milio mizito ya baruti nyeusi, huwezi kuikosea. Ilifika mitano. Niliingia ndani nikajitazama kwenye kioo muda mrefu, na siwezi kusema nilikuwa na furaha.

Kesho yake uwanja ulijaa. Geneva Ostrander, mwenyekiti wetu, alishika saa na kumpa Wendell ishara. Wendell akachomoa bastola kwa madaha, akavuta nyundo, ikalia vizuri, akaminya triga.

Tik.

Watu wakasubiri. Akavuta tena, akaminya. Tik. Ya tatu, ya nne, ya tano, ni tik tu, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha.

"Hata chafya!" nilipiga kelele. "Niliwaambia! Hata chafya!"

Nilirukaruka, sitadanganya. Wendell aliigeuza bastola yake mkononi kama mtu aliyekanwa na mbwa wake mbele za watu. Akajikokota mpaka kwenye hema akakaa kitini. Darla ndiye aliyejitolea kunyoa. Wembe, sabuni, beseni, taulo, vyote vilikuwa tayari ndani ya mkoba wake, na mimi kwa furaha yangu sikujiuliza mwanamke anakwenda kwenye mashindano ya bastola na beseni kwa ajili gani.

Alinyoa huku anaimba. Akamfuta mumewe uso, akarudi nyuma hatua moja ili afaidi. Wimbo ukakatika.

Pale kitini alikuwa amekaa Orpha.

Orpha ni mama yake Wendell, Mungu amrehemu. Miaka yake ya mwisho aliishi nyumbani kwa Darla, na katika miaka hiyo hakuwahi kukosoa chakula cha mkwewe hata kwa neno moja. Alikuwa anaonja, anakaza mdomo wa juu, anaweka kijiko chini. Basi. Mdomo mwembamba, mrefu, ulionyooka kama rula. Na sasa ulikuwa hapa, kwenye uso wa mwanaye, umepauka kwa kukosa jua, unamtazama Darla. Taulo likamponyoka mkononi.

Jumatatu asubuhi Wendell alifika kwangu amefura.

"Umenichezea bastola yangu, Boyd."

"Nimefanya nini?"

Akaitoa ile pini mfukoni. "Hizi za Kiitaliano zina mfuo wa pili. Huo sijawahi kuutumia, nikausahau kabisa. Pini ikikaa kwenye mfuo wa kwanza, bastola inapiga. Ukiisukuma mpaka wa pili, inatokeza kwa nyuma, nyundo inagonga pini badala ya kugonga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi. Ni usalama tu, haiharibu kitu. Ijumaa niliiacha kwenye wa kwanza. Jumamosi usiku nimeikuta kwenye wa pili. Haikujisukuma yenyewe."

"Naapa kwa kaburi la baba, sijaigusa." Nikaipokea pini nikaigeuzageuza kwenye mwanga. Kwenye kichwa chake, pale ambapo mtu angekandamiza kwa nguvu, kulikuwa na alama ndogo nyekundu. "Wendell. Tazama hapa. Umewahi kuniona mimi napaka rangi kucha?"

Akatazama. Akakaa kwenye ngazi yangu polepole.

"Darla," akasema.

Nilicheka mpaka nikashika uzio. Dada yangu! Kwa kuuona tu mdomo wa mumewe! Na ona alichokipata! Nilipopata pumzi, wazo likanijia lote kwa pamoja, tamu kabisa.

"Usimwambie kuwa unajua," nikamwambia. "Na usifuge. Nyoa kila asubuhi. Ukikaa mezani, onja chakula, halafu ukaze mdomo kama mama yako. Atajitangaza mwenyewe, utaona."

Wendell alinitazama. "Ajitangaze wapi? Jikoni?"

"Jikoni kitu gani! Mwambie masharubu yatarudi siku atakaposimama mbele ya klabu na kusema linalomsumbua moyoni. Mbele ya klabu nzima, aumbuke!"

"Una akili sana, shemeji."

Nikakubali kwamba ninayo.

Msimu ule wa vuli nilifaidi. Darla alikuwa ananipigia simu karibu kila jioni.

"Kaka, mwambie afuge."

"Kwani ana nini? Wewe si ndiye ulitaka kuuona mdomo?"

"Jana nimepika viazi vya maziwa. Ameonja. Amekaza. Boyd, mama mkwe wangu alikula viazi vyangu kwenye kiti cha mume wangu!"

"Pole, dada. Labda uongeze chumvi."

"Asubuhi ananibusu, Boyd. Unajua maana yake? Ananibusu nao!"

Hapo ilinibidi niiweke simu chini ya mto.

Novemba, theluji ya kwanza ikiwa chini, klabu ilikutana ukumbini kwa chakula cha mchana cha kufunga mwaka: nyama na maharage ya pilipili, na mikate ya mdalasini ya kuchovya humo. Wendell alichota kijiko kimoja kutoka sufuria la Darla. Akaonja. Akakaza.

Darla akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ni mimi!" akasema. "Haya! Ni mimi niliyeisukuma ile pini asubuhi ya mashindano, nilipompelekea kahawa karakanani. Bastola ilikuwa nzima. Alipikia kutu kwenye sufuria langu, na nilitaka kuuona mdomo wake, nikauona, na sasa nimetosheka! Wendell, fuga, nakuomba, fuga hata mbele ya macho yangu hapahapa!"

Ukumbi ulipasuka kwa vicheko. Mzee mmoja alipaliwa na maharage akapigwa mgongoni. Mimi ndiye niliyegonga meza kuliko wote, machozi yananitoka, mpaka nilipoona Geneva Ostrander ameinua kijiko chake kuomba kimya.

"Subirini," akasema. "Kama bastola ilizuiwa, basi dau halijaamuliwa."

Nikaacha kugonga meza.

"Lilishaamuliwa," nikasema. "Mtu alinyolewa. Sote tulikuwepo."

"Kanyolewa kwa hila. Na hila imetoka kwenye ukoo wako, Boyd. Anayetaka bastola ijaribiwe upya anyanyue mkono."

Sijawahi kuona mikono mingi vile. Hata Darla alinyanyua, mwizi mkubwa! Bastola ilikuwa kwenye gari la Wendell, na baruti yake, na risasi zake. Kwa bahati tu, alisema. Tukatoka nje na makoti yetu mpaka uwanjani. Wendell aliingiza risasi bila haraka, akaniita nisogee nihakikishe pini iko kwenye mfuo wa kwanza. Nikahakikisha, kwa moyo gani sijui.

Ikalipuka. Ikalipuka tena. Kila mara bamba la chuma lililia kule mbele na moshi mweupe ukatambaa juu ya theluji, na ya tano ilipolia watu walirusha kofia. Ilikuwa bastola nzuri. Hilo nililikiri hata siku ile, kwa kuwa kazi ni kazi.

Walinikalisha karibu na jiko la kuni. Darla akaleta beseni. Alikuwa amefurahi sana, maana si yeye tena anayechekwa. Nilipoona ncha ya kwanza, ile ndefu ya kushoto, imelala kwenye taulo, macho yalinijaa.

"Kaka, unalia?"

"Sabuni."

Wendell akaja akainama sikioni mwangu, akiwa na ule mdomo wa mama yake.

"Asante kwa wazo, shemeji."

"Wazo gani?"

"Darla angekufa na siri yake. Nilijua dau halitafufuka mpaka aseme mwenyewe mbele ya watu, lakini nilikosa njia ya kumfanya aseme. Ndipo nikaja kwako Jumatatu ile."

"Ulikuja kunigombeza!"

"Boyd, pini ile nilikuwa nayo tangu Jumamosi usiku. Unadhani Jumapili nzima sikuona rangi nyekundu?"

Nilifungua mdomo nimtukane, yeye na bawaba zake na mama yake kaburini. Kilichotoka ni kicheko. Kilinitoka tumboni kwa nguvu, kichwa kikarushwa nyuma, na Darla alikuwa katikati ya kunyoa. Damu haikuwa nyingi. Masharubu yangu yamesharudi, marefu kama zamani, ila upande wa kulia pana pengo jembamba ambapo nywele hazikubali kuota tena, na kila asubuhi nikifika hapo na kitana changu, namtaja Wendell kwa jina.