Sauti Iliyobaki Kazini

Muuzaji aliweka redio tatu juu ya kaunta, akazichomeka zote kwenye umeme. Fundi cherehani alianza kwa kupapasa kitambaa kilichofunika spika, maana hicho alikijua. Cha kwanza kilikuwa cha maana, kimefumwa kwa uzi mzito. Cha pili kilikuwa cha hovyo. Redio ya tatu haikuwa na kitambaa kabisa, ilikuwa na plastiki yenye matundu, na fundi akaisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

"Zote zinashika kwa intaneti, mama," alisema muuzaji, binti mchangamfu. "Ukiwa na waifai nyumbani unapata stesheni za dunia nzima. Maelfu."

"Nataka moja tu, mwanangu. Ile anayotangaza mume wangu."

Mume mwenyewe alikuwa amekaa nyuma yake kwenye kiti cha plastiki, kofia mapajani. Binti alimtazama, akamtambua.

"Si ndiye Asali huyu? Karibu sana, mzee wetu."

Mzee akainamisha kichwa.

"Hawezi kukujibu," mkewe akasema. "Sauti yake imebaki kazini."

"Aa, basi mtahitaji yenye spika nzuri," binti akasema, na akaanza kutafuta stesheni.

Ilikuwa hivi. Tangu ujanani Asali alisoma salamu za wasikilizaji kila asubuhi, na jina hilo walimpa wasikilizaji wenyewe, kwa utamu wa sauti yake. Kwa sababu hiyo nyumbani hakuwa akiongea. Alikuwa akiitunza. Alikunywa maji ya uvuguvugu, akajifunga kitambaa shingoni, na akitaka chumvi alinyoosha kidole. Akirudi kutoka kazini hakusema amerudi. Aligonga mlango kwa pete mara mbili, na mkewe akajua. Watoto aliwaongoza kwa mikono kama trafiki. Walipomzika kifungua mimba wao hakusema hata neno moja, maana kesho yake alikuwa hewani.

Siku hiyo mkewe alimjia juu, akalia, akamuuliza ameoa mke au ameoa kituo. Asali akamnong'oneza sikioni: "Nikistaafu tutaongea mpaka uchoke." Mwanamke akalishika neno hilo. Miaka yote aliyokaa kwenye cherehani alikuwa akiweka akiba ya maneno, na la kwanza katika akiba hiyo lilikuwa yule mtoto.

Siku ya kustaafu Asali alipewa saa ya ukutani na akakatiwa keki. Alipotoka, sauti haikutoka naye. Ilibaki studio, na kesho yake asubuhi ikasoma salamu kama kawaida. Mkewe hakugundua mpaka wiki ilipokwisha, na wala si kosa lake, maana nyumbani hakukuwa na kilichobadilika. Daktari alimmulika mzee kooni akasema koo ni zima, ila ni tupu.

Fundi akajifunga kibwebwe, akaenda kituoni kuidai. Mkurugenzi alimpokea vizuri, akamwagizia soda. Akamweleza kwamba sauti ni mali ya kituo, imekwishazoea mazingira, na wasikilizaji wanaipenda.

"Mzee mwenyewe tumewaachia," alisema, akimfungulia mlango. "Hatuna neno naye."

Baadaye kituo kikahamia kwenye intaneti, na redio ya zamani ikabaki kukoroma tu pale kabatini. Ndiyo maana wakaja dukani.

Kwenye redio ya kwanza, ile yenye kitambaa cha maana, Asali alitoka na besi nyingi kama anayehubiri. Kwenye ile ya plastiki alisikika kama mtu aliyebanwa na mlango. Kwenye ile ya kitambaa cha hovyo alikuwa yeye hasa. Ulimsikia mpaka alivyomeza mate kabla ya kutaja jina la mtu. Aliwasalimu wagonjwa wote wodini, madereva wa malori, walinzi waliokesha, na kila mama aliyeamka mapema kuwasha jiko. Kule kwenye kiti cha plastiki, midomo ya mzee ilifuata kila neno.

"Hii ina rimoti na betri ya kuchaji," binti akasema. "Na vitufe vya kuhifadhia stesheni, hivi hapa vyote."

"Vyote niwekee hiyohiyo."

Nywila ya waifai aliipata kwa jirani wa ukuta wa pili, msusi, kwa sharti kwamba sauti iwe juu ili naye asikie akiwa kazini. Redio ikakaa kwenye meza ya chai, kati ya cherehani na kiti cha mzee. Kisha fundi akachukua simu akatuma salamu kituoni kama msikilizaji mwingine yeyote. Hakuandika jina. Aliandika maneno matatu tu, yale ambayo hakuwahi kuyasikia mlangoni kwake.

Yalisomwa asubuhi moja akiwa anapinda sketi ya shule. Akasimamisha mguu.

"Msikilizaji wetu mmoja hakutaja jina," sauti ilisema, "ila anasema hivi." Ikameza mate. "Nimerudi, mke wangu."

Iliyasema taratibu, kwa huba, kama mtu aliyevua viatu na hana mpango wa kutoka tena. Kisha ikasema: "Karibu nyumbani, msikilizaji. Tuendelee."

"Jamani!" msusi akapiga kelele ng'ambo ya ukuta. "Kuna wanawake wanapendwa! Jirani, umesikia?"

"Nimesikia."

"Na wewe mwenzetu unaye humo ndani. Una bahati, dada!"

Fundi hakuwa akitazama ukuta wala redio. Alikuwa akimtazama mumewe, kwa kuwa midomo yake, iliyofuata kila salamu tangu asubuhi, ilikuwa imefumba pale sauti ilipoyasema yale maneno matatu. Haikuyajua. Salamu iliyofuata ilikuwa ya madereva wa malori, na midomo ikafunguka, ikaendelea.

Mzee akagonga meza kwa pete mara mbili. Chai haikuwa na sukari. Mkewe akainuka, akamletea.